Kuchora na Kupiga Chapa Majani ya Kwetu

 Mazungumzo yangu ya leo ni habari ya kuchora na kupiga chapa, tena kuchora vitu vile vile tuvionavyo kila siku mashambani mwetu: majani, mbegu, samaki, ndege na wadudu. Najua wako watakaosema, "Hiyo ni michezo ya watoto, nasi tuna kazi." Mimi nami zamani nilisema hivyo hivyo. Kwa hiyo nawaombeni mnivumilie kidogo, niwaelezeni jinsi mtoto wa miaka 11 alivyonifunza kwamba nilikuwa na macho wala sikuona.

Kwanza na tuulize, kupiga chapa ni nini? Jambo hili si geni kwetu. Mtu asiyejua kuandika akitakiwa kutia sahihi, hupakwa wino katika dole gumba lake, kisha huligandamiza juu ya karatasi. Mistari ya ngozi iliyoinuka hushika wino, na vijibonde vilivyo kati yake havishiki. Akiinua dole, huonekana picha ya dole lile, isiyofanana na ya mtu mwingine yeyote. Hiyo ndiyo siri yote ya chapa ninayotaka kuwaelezeni: kilichoinuka huchapa, na kilichochimbwa hubaki cheupe. Muhuri wa ofisini hufanya kazi kwa njia iyo hiyo. Na huko Unguja, mwishoni mwa karne ya 19, kabla kanga za viwanda vya ng'ambo hazijajaa madukani, zilikuwako nguo za wanawake zilizopigwa chapa kwa mkono, kwa vibao vya mti vilivyochongwa.

Wala mafundi wetu hawakwenda mbali kutafuta mifano ya kazi zao. Mtu akitembea katika Mji Mkongwe wa Unguja, au Lamu, akasimama mbele ya mlango wa kale, ataona katika miimo yake nakshi za maua, mitende, samaki na mawimbi. Fundi alitazama baharini, akatazama shambani, ndipo akashika patasi. Neno hilo, "ndipo," naomba mlishike, maana ndilo nililolisahau mimi.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa ualimu, katika shule ya kijiji kimoja chini ya milima ya Usambara. Siku ile somo lilikuwa la kuchora. Nikachora ubaoni jani la muhogo, kwa kukumbuka tu, bila ya kuwa na jani mkononi. Nikalichora zuri, vidole saba vilivyonyooka, vyote sawasawa, kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Kisha nikawaambia wanafunzi waende nje, kila mmoja alete jani lake, alichore.

Nilipokusanya madaftari jioni, nikaona kazi ya mvulana mmoja, mtoto mkimya akaaye nyuma. Jani lake lilikuwa limepindika. Vidole viwili vifupi kuliko vingine, ukingo umejikunja, na katikati ametia madoa kwa penseli, hapa peusi na hapa peupe, kama ngozi ya mnyama. Nikaona kwamba amenidharau. Nikapiga mkasi wa wino mwekundu kutoka pembe hata pembe, nikaandika chini yake, "Mzembe. Tazama ubaoni." Kesho yake nikamsimamisha mbele ya wenzake, nikawaonyesha daftari lake, wakamcheka. Yeye hakunijibu neno.

Siku ya tatu alfajiri nilipofungua mlango wa nyumba yangu, nikamkuta amesimama uani, ameshika mti mzima wa muhogo, ameung'oa pamoja na mizizi yake.

Akasema, "Shikamoo, mwalimu."

Nikamjibu, "Marahaba. Una nini?"

Akasema, "Nimeuleta ule muhogo, mwalimu. Katika shamba la mama yote ni hivi."

Nikautwaa, nikautazama. Majani yalikuwa yamepindika, yamejikunja, yana madoa ya kijani na manjano, kama alivyochora. Na mizizi, ambayo wakati ule ilipasa kuwa minene kama mkono wa mtu, ilikuwa myembamba kama vidole. Nikaona haya, nikamwambia arudi darasani. Tena nikapeleka habari kwa Bwana Shamba.

Bwana Shamba alipofika akatuambia kwamba ule ni ugonjwa uitwao batobato. Huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Huenea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni inzi weupe wadogo wakaao chini ya majani, ambao hunyonya utomvu wa mti mgonjwa na kuuchukulia mti mzima ule uovu. Njia ya pili ni sisi wenyewe: tukikata vijiti vya mbegu katika mti mgonjwa, tukavipanda, tumepanda ugonjwa kwa mikono yetu. Katika milima hiyo hiyo ya Usambara, kwenye kituo cha Amani, tangu miaka ya 1930 wataalamu walifanya kazi ya kutafuta mihogo inayoweza kuustahimili ugonjwa huu.

Kisha Bwana Shamba akauliza, "Mama wa mtoto huyu alipata wapi vijiti vyake?" Mvulana akanitazama, akatazama chini. Vijiti vile vilitoka katika shamba la shule. Mimi ndiye niliyesimamia shamba lile, na mimi ndiye niliyemgawia mama yake vijiti, kwa wema, siku ya mavuno. Tukaenda wote shambani. Majani yalikuwa yamepindika. Nilipita pale kila siku asubuhi na jioni kwa mwaka mzima, na siku ile ya somo la kuchora nilisimama hatua thelathini tu kutoka mihogo ile, nikachora ubaoni jani zima lisilo na ila.

Ndugu zangu, ndiyo maana nasema kuchora si mchezo. Mtu atazamapo kitu bila ya kuchora, huona jina lake tu. Husema, "Huu muhogo," akapita. Lakini mtu aketiye na penseli, au kipande cha kaa la jikoni, hulazimika kujiuliza: Vidole vingapi? Kipi kirefu? Mshipa huu waanzia wapi? Ukingo ni laini au una meno? Mkono hauwezi kuendelea mpaka jicho limejibu. Mvulana yule alijiuliza maswali hayo, nami sikujiuliza.

Sasa niwaelezeni jinsi kazi yenyewe ifanywavyo, maana haitaki fedha nyingi.

Njia iliyo rahisi ni kuliacha jani lijichore lenyewe. Twaeni jani bichi, kavu juu yake, lisilo na umande. Liligeuzeni, maana upande wa chini ndio wenye mishipa iliyoinuka. Wino mwaweza kuufanya nyumbani: kwangueni masizi chini ya chungu, yasageni mpaka yawe laini kama unga wa ngano, yachanganyeni na gundi ya mgunga iliyoyeyushwa katika maji kidogo. Asiye na gundi atumie uji mwembamba wa wanga wa muhogo. Mkitaka rangi nyekundu, chekecheni udongo mwekundu kwa kitambaa. Mkitaka ya njano, manjano ya jikoni yatosha. Fungeni pamba ndani ya kitambaa, ichovyeni kidogo, mlipige piga jani mpaka lienee wino mwepesi. Wino ukizidi, mishipa huzama. Liwekeni jani juu ya karatasi, upande wa wino chini, lifunikeni kwa karatasi nyingine, mkasugue kwa kiganja pasipo kulisogeza. Mkifunua, mtaona mishipa yote hata ile iliyo myembamba kama unywele.

Njia ya pili ni muhuri wa kiazi. Kateni kiazi kitamu kwa kisu kikali, mara moja, ili uso wake uwe sawa. Ufuteni maji kwa kitambaa, mchore juu yake kitu mtakacho, kama mbegu, samaki au kipepeo, kisha chimbeni pande zote zisizotakiwa kuchapa, kina cha punje ya mchele au zaidi. Watoto wadogo waanze na bamia: ikatwapo kwa kukingama hutoa ua la pembe tano, bila ya kuchonga hata kidogo. Muhuri wa kiazi hudumu siku moja au mbili, kisha hunyauka. Kwa hiyo chapa zote zipigwe siku ile ile.

Njia ya tatu ni ya wenye subira, nayo ni kuchonga katika mti laini au katika kipande cha raba nene. Patasi ndogo mwaweza kuipata katika mwavuli uliovunjika. Ujiti wa chuma wa mwavuli una mfereji ndani yake. Ukatwe kipande, unolewe ncha kwenye jiwe, utiwe mpini wa mti, nao utachimba mfereji safi. Chongeni kwa kusukuma mbele, na mkono wa pili uwe nyuma ya patasi daima, usiwe mbele yake. Kovu lililo katika kidole changu cha shahada lanikumbusha sheria hiyo.

Yako mambo mawili yawasumbuayo wote waanzao. La kwanza, kilichokwisha kuchongwa hakirudi. Penseli ina kifutio, patasi haina. Kwa hiyo tazameni mara tatu kabla ya kukata mara moja. La pili, chapa hugeuza mambo: kilicho kulia huwa kushoto. Wanafunzi wangu walipochonga jina la shule yao kwa mara ya kwanza, walichonga vizuri mno, wakapiga chapa, na herufi zote zikatoka kinyumenyume. Tulicheka sana, nami nilicheka pamoja nao. Tangu siku ile walijifunza kuandika kwanza katika karatasi nyembamba, kuigeuza, na kufuata herufi kwa upande wa nyuma. Alikuwako fundi mmoja wa Afrika, John Muafangejo, aliyezaliwa mwaka 1943, akafariki katika nchi ya Namibia mwaka 1987. Yeye alichonga picha zake katika linoleamu, yaani kile kitandiko kigumu cha sakafu, akazipiga chapa kwa wino mweusi. Tena alipenda kutia maneno mengi ndani ya picha. Fikirini, kila herufi ya maneno yale ilibidi kuichonga kinyume.

Na asije mtu akadhani kwamba kazi hii yataka kwanza shule kubwa na karatasi nzuri. Katika Uingereza alikuwako mtu aliyeitwa Thomas Bewick, aliyezaliwa mwaka 1753 shambani, karibu na mto Tyne. Alipokuwa mtoto hakuwa na karatasi za kumtosha, basi alijaza pembezoni mwa madaftari yake, na zilipokwisha akachora kwa chaki juu ya mawe ya makaburi ya kanisani. Alipopata miaka 14 akapelekwa mji wa Newcastle kujifunza kazi ya kuchonga nakshi. Mafundi wengi walichonga picha katika ubavu wa ubao, lakini yeye alichonga katika uso wa gogo lililokatwa kwa kukingama, mti mgumu sana, hata akaweza kutia mistari myembamba kama manyoya. Kitabu chake cha ndege kilitoka kwa sehemu mbili, mwaka 1797 na mwaka 1804. Ndege wengine walikuwa wale aliowajua tangu utoto wake. Na mtu huyu, aliyechonga kila unyoya, mara nyingine alitumia chapa ya dole gumba lake mwenyewe kuwa alama ya kazi yake. Basi, fundi yule na mzee asiyejua kusoma wametia sahihi moja.

Nirudi kwa mvulana wetu. Bwana Shamba alitaka watu wa kijiji wang'oe mihogo migonjwa na kuchagua vijiti vya mbegu katika miti mizima tu. Lakini kila aliposema "jani lililopindika," watu waliitikia, wakaenda zao, wakakata vijiti walikozoea. Ndipo tukaona kwamba yatupasa kuwaonyesha. Tukapiga chapa ya jani zima kwa jani lenyewe. Lakini madoa ya ugonjwa hayatoki kwa njia hiyo, maana ni rangi tu, hayakuinuka. Kwa hiyo nikamwomba mvulana achonge jani gonjwa katika raba. Nikamwomba, sikumwamuru; na kabla ya kumwomba nilisimama mbele ya darasa lile lile nililomwaibisha, nikasema kwamba jani lake lilikuwa kweli na langu lilikuwa uongo. Nawaambieni, waalimu wenzangu, miguu yangu ilitetemeka kuliko siku ya mtihani.

Alichonga siku nne. Tukapiga chapa karatasi arubaini, jani zima kushoto na jani gonjwa kulia, wanafunzi wakazichukua nyumba kwa nyumba. Mzee mmoja akaitazama yake, akasema, "Mimi nimelima muhogo kabla baba yako hajaoa. Karatasi itanifunza nini?" Mjukuu wake hakubishana naye. Aliichukua karatasi hata shambani, akaiweka kando ya jani, akangoja. Mzee akaja, akatazama jani, akatazama karatasi, akatazama tena jani. Hakusema neno. Lakini jioni tulipopita tuliona moshi wa mihogo iliyong'olewa, na karatasi imechomekwa katika makuti ya ukumbi wake.

Sitaki kuwadanganya kwamba mambo yote yalikwisha vizuri. Wengine hawakung'oa, kwa kuwa si jambo jepesi kung'oa chakula kilicho shambani, hata kikiwa kibovu. Na mama wa mvulana hakupata kitu msimu ule. Aliuza mbuzi wake wawili ili anunue unga. Niligawana naye mshahara wangu kadiri nilivyoweza, naye alinishukuru kwa heshima. Lakini mbuzi wale sikuweza kuwarudisha. Kama ningalilitazama daftari lile kwa dakika mbili tu, badala ya kulipiga mkasi, shamba letu lingalitambuliwa mapema zaidi, na pengine vijiti vya msimu uliofuata vingaliokoka kwa watu wengi.

Mvulana yule sasa ni mtu mzima. Hakuwa mchoraji mashuhuri. Ni mkulima, mwenye watoto. Muhuri wake wa raba anao bado, na majirani humwendea kumwonyesha majani kabla ya kukata mbegu. Mimi nami ninalo lile daftari lake, alinipa nilipohama. Sasa nafundisha katika chuo cha waalimu, na kila mwaka waalimu wanafunzi wapya wafikapo, somo langu la kwanza ni kuwaonyesha ukurasa ule wenye mkasi mwekundu. Huwauliza, "Nani alikosa hapa?" Wengi hujibu, "Mtoto." Kisha twatoka nje na kutafuta majani.

Wazazi mnaonisikiliza, mkimwona mtoto ameketi chini ya mti akichora kijiti cha mtama au mdudu, msimfukuze upesi akachote maji. Mwulizeni kwanza, "Umeona nini?" Maji yatachotwa. Nanyi wanafunzi, kesho asubuhi kabla ya kwenda shule, chagueni jani moja tu karibu na mlango wenu. Hesabuni mishipa yake, mlichore kama lilivyo, na ila zake zote. Mwalimu wenu akisema kwamba si kweli, msibishane naye, mleteeni jani.